Kijitabu cha Msiba Kilichomwacha Mtani Wangu na Pengo Lake: Tathmini ya Huduma ya Kumbukumbu za Marehemu

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ofisi moja ya uchapishaji iliyoko Kariakoo, Dar es Salaam, inayotengeneza vifaa vya kumkumbuka marehemu: kijitabu cha ibada na wasifu, fulana, bango la picha na, kwa familia inayotaka, kitabu cha picha chenye jalada gumu kinachotolewa wakati wa arobaini. Jina la ofisi nalihifadhi, kwa kuwa yapo mambo ambayo hayakuniridhisha na tuliyamaliza na mwenye ofisi uso kwa uso. Hata hivyo ofisi za namna hii sasa ziko karibu kila mji, na zinafanya kazi kwa mtindo unaofanana, kwa hiyo msomaji wa Mwanza au wa Mbeya naye atajua la kuuliza kabla hajatoa malipo ya awali. Niliitumia kwa msiba wa mtu aliyekuwa rafiki yangu, ndugu yangu na mtani wangu kwa pamoja, mtu ambaye ukikaa naye robo saa hukosi kushika mbavu. Ndiyo maana kipimo changu kilikuwa kimoja tu: je, anayekifungua kijitabu hiki atamwona yeye, au atamwona marehemu yeyote?

Inafaa nieleze kidogo nilifikaje kukabidhiwa kazi hiyo badala ya ndugu zake wa damu. Marehemu alikuwa Mpare wa Same na mimi ni Mchaga, na makabila yetu ni watani kama walivyo Wazaramo na Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kuvaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake mbele ya wafiwa, kuikamata sepetu kaburini na kuikatalia mpaka apozwe na chochote, au kumwuliza maiti kwa sauti kubwa lini atalipa deni lake, na wote wanajua kwamba hiyo nayo ni njia ya kuwapunguzia waliofiwa uzito. Sisi wawili tuliufanya utani huo kazi ya kila siku kwa miaka tuliyoishi pamoja Ubungo. Yeye alidai kwamba Mchaga akizimia hakuna haja ya daktari, dondosha sarafu karibu na sikio lake, asipoamka anzeni kuchanga sanda. Mimi nilimjibu kwamba Mpare akiibiwa kuku huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Kamati ya msiba ilipokaa kugawana majukumu, kaka yake mkubwa alisema kwa ufupi kwamba habari za mdogo wake aziandike Mchaga, maana ndiye aliyekuwa akimsema vibaya kuliko wote.

Kabla ya kufika ofisi hii nilipita nyingine mbili, na sitakaa sana juu yake. Kote nilionyeshwa kiolezo kilichokwisha kujazwa, chenye mawingu, njiwa, mshumaa na mistari ile ile ya Ayubu na ya Timotheo, na nikaambiwa nitoe picha, jina na tarehe mbili, kazi itakuwa tayari baada ya saa chache. Maneno hayo ya Biblia ni mema na yana mahali pake, lakini wasifu wenyewe nao ulikuwa umekwisha kuandikwa! Marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu na mchapakazi, kisha nafasi ya jina imeachwa wazi. Neno «mcheshi» lilikuwamo, ni kweli, ila limekaa pale kama chumvi iliyobaki kwenye pakiti, haijaingia katika chakula.

Katika ofisi niliyoichagua nilipokewa na dada mmoja wa mapokezi ambaye, baada ya kunipa pole na kiti, alivuta daftari na kuuliza swali ambalo sikulitarajia: «Kaka, alikuwa anachekesha kwa maneno au kwa vitendo?» Nilipomjibu kwamba ni kwa vyote viwili, aliendelea kuuliza kama alikuwa na neno alilolirudiarudia, kama kulikuwa na watu aliowaita kwa majina ya kubandika, alicheka vipi yeye mwenyewe, na nani katika familia asingependa utani huo uchapishwe. Hilo la mwisho ndilo lililonionyesha kwamba dada huyu amekwisha kukutana na familia nyingi zilizofiwa, kwa sababu ugomvi wa vijitabu vya msiba hauanzi na uandishi mbaya, huanza na shangazi au baba mdogo aliyesoma jambo ambalo hakuulizwa. Mahojiano yale yalichukua karibu saa nzima, bila malipo ya ziada, na kama huduma yote ingekuwa na kiwango cha saa ile moja, tathmini hii ingekuwa fupi sana.

Tatizo la kwanza lilikuwa picha. Mtani wangu alikuwa na pengo la jino la mbele, na pengo hilo lilikuwa mtaji wake. Kila kijiwe alikisimulia kisa tofauti cha lilivyotokea: kwa wengine jino lilivunjwa na punje ya makande ambayo mama yake aliyaepua mapema, kwa wengine aliling'oa mwenyewe ili apunguze matumizi ya dawa ya meno, na kwa mashemeji zake aliapa kwamba liliwekwa rehani mahakamani kama kielelezo katika kesi ya mpaka wa shamba. Hakuna kati yetu aliyewahi kukijua kisa cha kweli. Sasa kijana wa usanifu aliipitisha picha yetu katika programu ya akili mnemba inayosafisha nyuso, akamwondolea makunyanzi ya pembeni mwa macho, akamng'arisha ngozi kiasi cha kumfanya mgeni, na juu ya yote akamwotesha jino. Sampuli ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, mjukuu akamwonyesha bibi yake kule milimani, na kabla sijaifungua mimi mwenyewe nilipokea ujumbe wa sauti wa mama: «Mwanangu, huyo mliyempatia jino ni nani, na wangu mmempeleka wapi?»

Kwa haki, ofisi iliirudisha picha ya awali bila ubishi. Hata hivyo walituambia kwamba kusafisha uso ni sehemu ya kawaida ya huduma na kwamba wateja wengi hushukuru, na hapo ndipo ninapowapinga. Kusawazisha mwanga na kufuta waya wa umeme uliopita nyuma ya kichwa ni kazi halali ya msanifu, lakini uso wa marehemu usiguswe mpaka wenyewe waombe. Wakati huo huo nilijifunza jambo la kiufundi litakalowafaa wengine. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora, na ikikuzwa kwenye bango hutoka na ukungu na vipande vipande, kwa hiyo itumwe kama faili au ipelekwe ofisini kwa kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu. Vilevile rangi inayong'aa kwenye kioo cha simu hutoka ikiwa imefifia karatasini, kwa kuwa kioo hutoa mwanga na wino hauna mwanga wake, na msanifu makini hukuchapia ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuendelea. Huyu alituchapia, na ndivyo tulivyogundua mapema kwamba shati lake la kijani lilikuwa limegeuka kuwa la kijivu.

Ukurasa uliokuwa na mvutano mkubwa ni ule wa salamu za watani. Nilikuwa nimeandika kwa uhuru wangu wote, pamoja na kisa cha marehemu kutundika samaki mmoja wa ng'onda juu ya meza yetu ya Ubungo na kutuamuru tule ugali tukimtazama, akisema kwamba huko kwao ndivyo wageni wa heshima wanavyokaribishwa, na kwamba atakayemtazama mara mbili kwa tonge moja atatozwa. Baba mdogo wake aliposoma alisema kijitabu cha ibada hakiwezi kuwa na ng'onda. Mchungaji, kinyume na nilivyotarajia, hakuona dhambi yoyote katika samaki yule, alitaka tu utaratibu wa ibada ubaki safi. Dada wa mapokezi ndiye aliyetupatanisha kwa kupendekeza kwamba utaratibu wa ibada na nyimbo zikae mwanzo, wasifu ufuate, na salamu za watani zipewe kurasa zake nyuma kabisa, zenye fremu ya rangi nyingine, ili anayetaka asome na asiyetaka afunge. Pendekezo hilo lilitokana na uzoefu, na lilituokoa na kikao kingine.

Hapo likazuka suala la hesabu ya kurasa ambalo wengi wetu hatulijui. Kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, kwa kuwa kila karatasi ikikunjwa huzaa kurasa nne, na sisi tulikuwa tumefika 19. Ofisi nyingine ingeongeza tangazo lake au njiwa mwingine. Hawa walituuliza kama tungependa ukurasa wa 20 uachwe na mistari mitupu, wenye kichwa kisemacho «Andika kisa chake unachokikumbuka», na tukakubali kwa shingo upande tukidhani hakuna atakayeandika.

Kilichonifanya niichague ofisi hii tangu mwanzo, hata hivyo, ni ahadi yao ya sauti. Mtani wangu hakupenda kuandika ujumbe, alituma sauti, na simu yangu ina sauti zake nyingi kuliko picha. Ofisi huchukua faili hizo, hupunguza kelele za barabarani, huziweka mtandaoni na kuchapisha nyuma ya kijitabu msimbo wa QR ambao mtu akiuelekezea kamera ya simu anasikia. Tuliichagua sauti aliyonitumia siku moja baada ya kutoka kwenye msiba wa jirani, akiniagiza kuhusu msiba wake mwenyewe: «Mtani, nikitangulia mimi, wewe rambirambi usitoe taslimu, maana najua utaomba risiti. Na mkiniona kimya msije mkanidondoshea sarafu, mimi si Mchaga; semeni tu kwa sauti kwamba kuna kesi mahakamani, nitaamka.» Kisha anacheka kile kicheko chake kilichoanza na kukohoa.

Sampuli ya kwanza ya sauti ilikuja ikiwa imewekewa kinanda cha huzuni chini yake, na athari yake ilikuwa ya ajabu, mtu anacheka huku muziki unamwombolezea. Msanifu alieleza kwamba muziki huo huwekwa kwenye kazi zote. Ukatolewa. Pia walikuwa wamekata kikohozi kilichotangulia kicheko, wakidhani ni kelele, na hicho nacho kikarudishwa, ingawa ilibidi nimpelekee msanifu sauti nyingine tatu ili asikie kwamba kikohozi ndicho mlango wa kicheko chenyewe. Baada ya hapo kazi ya sauti ilikuwa nzuri kweli. Honi za daladala zilipungua, sauti ikabaki ya mtu aliyekaa karibu nawe.

Fulana sitazizungumzia sana. Zilikuwa za kitambaa cha polista, kwa sababu picha ya rangi inayohamishwa kwa joto haishiki vizuri kwenye pamba, na kwa jua la Same polista inaunguza mgongo. Anayeweza kungoja na aombe pamba yenye uchapaji wa aina nyingine. Kola zilianza kulegea zilipofuliwa mara ya kwanza. Kwa shilingi 15,000 kila moja, tuliuziwa ghali.

Mzigo ulichelewa. Tuliahidiwa vijitabu asubuhi na tukavipata jioni, msafara ukiwa umekwisha kujipanga kuondoka, na vingine vilipakiwa wino ukiwa haujakauka sawasawa kiasi kwamba jalada za juu zilishikana. Tulipita Chalinze, Segera na Mombo usiku tukizibandua taratibu ndani ya gari, kazi ambayo haikustahili kufanywa na wafiwa. Tulipofika Hedaru kulikuwa kumeshaanza kupambazuka, na zilizoharibika tukaziweka kando. Ofisi ilirudisha fedha za nakala hizo baadaye, tena bila kuombwa mara mbili, na nawasifu kwa hilo, ila kwa huduma inayouzwa kama ya dharura kuchelewa ni kosa ambalo fedha haziliondoi.

Huduma ya aina hii haijulikani thamani yake dukani, hujulikana pale inapogawiwa chini ya turubai. Kule milimani Mbaga mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na msimbo wa QR niliokuwa nikijivunia haukufungua chochote kwa wengi waliokaa uani. Wasichana wawili wa familia walipanda hadi karibu na kanisa, mahali ambapo mtandao unashika, wakaipakua sauti na kurudi nayo, kisha ikarushwa kutoka simu hadi simu bila kuhitaji bando. Nilimwona baba mdogo, yule yule aliyemkataa ng'onda, ameinamisha kichwa na simu ya mjukuu imebanwa sikioni kwa mikono miwili. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha kwa mtoto na kumwambia: «Hebu irudie hapo pa risiti.» Kuanzia hapo risiti ikawa ndiyo habari ya msiba. Kila Mchaga aliyekwenda mezani kutoa rambirambi aliulizwa na mweka hazina kama anahitaji risiti, na mimi, nilipozuia sepetu kaburini kama utani unavyonitaka, nilitangaziwa kwamba malipo yangu nitayapata nikileta hati ya madai yenye muhuri.

Ukurasa wa 20 ulijaa. Watu waliazimana kalamu, na wazee wasioandika waliwasomea vijana imla. Katika vijitabu tulivyovikusanya zimo habari ambazo hata ndugu zake hawakuzijua: kwamba alipokuwa mwanafunzi alimwandikia barua mwalimu mkuu akijiombea ruhusa ya kuugua wiki inayofuata, na kwamba lile pengo, kwa mujibu wa mzee mmoja aliyeandika kwa herufi kubwa, lilitokana na kucheka akiwa juu ya mwembe. Kama kweli ndivyo au mzee naye ni mtani, sijui, lakini tumekiingiza katika kitabu cha picha pamoja na visa vingine vyote vya jino.

Kitabu hicho cha picha, kilichotolewa arobaini, ndicho sehemu dhaifu ya huduma. Karatasi ni nene na picha zimetoka vizuri, na wazo la kupiga picha maandishi ya watu yalivyo badala ya kuyachapa upya lilikuwa la ofisi, nalo ni zuri sana, kwa sababu mwandiko wa shangazi unamtambulisha shangazi. Lakini kurasa zimebandikwa kwa gundi tu mgongoni, hazikushonwa, na kitabu kinachopita mikononi mwa ukoo mzima hakiwezi kustahimili gundi. Nakala ya mama imeshaachia kurasa za katikati. Kwa shilingi 120,000 mtu ana haki ya uzi. Ulizeni mapema, na mkiambiwa kushona hakuwezekani pale, chapisheni pale na mkashonee kwa fundi wa kujalidi vitabu.

Kuhusu vijitabu, tulilipa shilingi 3,500 kwa kila kimoja, kurasa 20 za ukubwa wa A5, jalada la karatasi nene na ndani karatasi ya kung'aa ya gramu 130. Kwa nakala 300 hiyo ni shilingi 1,050,000, kiasi ambacho si kidogo kwa kamati ya msiba yenye turubai, chakula na usafiri wa kulipia, na ningeishauri familia yenye uwezo mdogo ipunguze idadi ya nakala badala ya kupunguza kurasa za visa, kwa kuwa kijitabu kimoja husomwa na watu watatu wanne waliokaa benchi moja. Kwa kazi ya mahojiano, mpangilio na sauti naipa ofisi alama za juu, na ningewatuma kwao rafiki zangu bila kusita. Kwa kutunza muda wa ahadi, fulana na ujalidi sina sifa ya kutoa.

Linabaki suala la ada, ambalo halikusemwa na mtu yeyote wakati wa makubaliano bali lilikuwa limechapwa nyuma ya risiti kwa herufi ndogo mno. Msimbo wa QR tuliopewa haupeleki moja kwa moja mahali sauti ilipo. Hupitia kwanza kwenye anwani ya kampuni inayotoza ada ya mwaka, na ada isipolipwa msimbo hufa, ilhali umekwisha kuchapwa kwenye vijitabu vyote na hauwezi kubadilishwa. Upo msimbo wa aina nyingine unaobeba anwani yenyewe, usio na ada, na familia idai huo tangu mwanzo. Nilipoyaeleza haya kwenye kikao cha familia, kaka mkubwa aliomba risiti, akavaa miwani, akaisoma pande zote mbili na kutamka kwamba hapo kesi ipo, tena nzuri, na kwamba itafunguliwa hata ikibidi kuuza ndama. Ofisi ilipopata habari ilikubali kulipia ada hiyo kwa miaka mitano kwa gharama yake na kuweka msimbo usio na ada katika nakala zozote zitakazochapishwa upya. Kaka mkubwa aliridhika kwa sharti kwamba makubaliano yaandikwe na kupigwa muhuri, na nakala yake ameihifadhi pamoja na hati ya shamba.